Diwani Aliyezoea Kuitikiwa

Nimesikia mmoja wenu anataka udiwani. Jina silitaji, ila amenyoa vizuri na tangu Jumapili ananiamkia mara mbili mbili. "Shikamoo bibi. Bibi, shikamoo tena." Mura, kijana wangu, ya kwanza niliipokea. Hiyo ya pili ni ya kampeni.

Gombeeni tu, mimi sikatazi mtu. Ila nyie vijana wa sanaa, mnaoimbaga na maspika pale Nyasho, na nyie mnaochoraga kuta za watu, na yule wa Mwisenge anayejiitaga komediani wakati hata mbuzi wangu hajamchekesha, kaeni chini kwanza. Mimi nimecheza ngoma na maigizo tangu matiti yangu yapo juu mpaka yakarudi nyumbani yenyewe. Shule sikwenda. Baba alisema ng'ombe hawajasoma na wana afya nzuri. Basi nikabaki na masikio na mdomo, na hivyo viwili ndivyo vimenilisha.

Wanawaambiaga msanii ni kioo cha jamii. Kioo! Kioo kinaning'inia ukutani kinasubiri mtu aje kuangalia kama ana mchicha kwenye meno. Ndiyo cheo hicho mnachojivunia?

Juzi hapa waliniita semina, hotelini Musoma. Wamenialika kama mkongwe. Mkongwe maana yake anakaa mbele na haulizwi kitu. Akasimama dada mmoja, mzuri, kucha kama za kicheche, akaanza: "Wasanii-i, ninyi mna pawa-a. Ninyi ndiyo ejenti wa chenji-i katika jamii-i." Kila neno lina mkia. Nikanyoosha mkono. Nikamuuliza, "Mwanangu, chenji gani tena, mbona nauli mmetupa kamili?" Watu wakacheka, yeye akaandika kitu kwenye karatasi lake, nafikiri aliandika bibi aondolewe.

Mnaona? Nikimuiga yule dada mnamuona kabisa, na hamjawahi kukutana naye. Hii ndiyo kazi yangu, na siri yake nawapa bure. Kumuiga mtu usianze na sauti. Wajinga wote wanaanza na sauti. Anza na pumzi. Angalia anavuta hewa wapi, kabla ya uongo au baada. Mchungaji anavuta hewa katikati ya sentensi, ili asije mtu akamkatiza. Mlevi anavuta mwishoni, kama anaishangaa kuwa imeisha. Mtu wa serikali havuti kabisa, anaogopa ukimya, anajaza na "kwa maana ya". "Kwa maana ya kwamba, kwa maana ya maendeleo, kwa maana ya wananchi." Ukishashika pumzi ya mtu, sauti inakuja yenyewe kama mbwa wa nyumbani.

Hayo alinifundisha Mzee Chacha, mpiga litungu wetu, Mkurya aliyekuwa amehamia Bunda kufuata mke na akabaki kufuata pamba. Alikuwa anapiga zile nyuzi huku anaangalia chini, watu wanasema ana aibu. Siyo aibu. Alikuwa anaangalia miguu ya watu. Alikuwa ananiambia hivi: "Uso wa mtu ni muongo, mama. Mguu hauna akiri ya kudanganya. Mguu ukitingishika, umempata. Na sikia, mwimbaji asiyeitikiwa ni mwendawazimu. Ukiimba peke yako barabarani, watasema umerogwa. Wakiitikia wawiri tu, wewe msanii. Siyo koo rako rinakufanya msanii. Ni waitikiaji."

Mzee Chacha alikufa zamani. Hilo la waitikiaji mlishike, kuna mtu mmoja hakulishika.

Kikundi chetu kilikuwa kinaitwa Tusichoke, na tulichokaga kila siku. Wageni wakubwa wakija Butiama, tunaitwa. Tunafika na umande. Anakuja mtu wa itifaki, tai imemkaba shingo kama mbuzi wa mnadani: "Ngoma! Ngoma mko wapi? Jiandaeni, dakika mbili tu, mheshimiwa ana haraka!" Hatuna majina, sisi ni Ngoma. Ngoma sogeeni nyuma. Ngoma msikae kwenye viti. Ngoma wapewe soda. Jua linapanda, jua linasimama, jua linaanza kushuka, ndiyo mheshimiwa mwenye haraka anafika. Anashuka kwenye gari, anacheza hatua mbili na sisi, ya tatu anatafuta kamera.

Siku moja tulikuwa Bunda, mvua imenyesha, ngozi za ngoma zimelegea, zinalia bu, bu, kama mtu ana mafua. Ngozi ikilegea unaipasha kwenye moto wa nyasi, si wa kuni, na unaizungusha kama unachoma hindi. Kijana wetu mmoja, Masatu, yeye alikuwa na haraka ya kupendeza. Akaiegemeza ngoma kubwa kwenye makaa, akaenda kujitazama kwenye kioo cha gari. Pwaa! Ngozi imepasuka. Mheshimiwa ameshakaa. Tukachukua ndoo ya plastiki ya mama lishe, ya kijani, tukaigeuza, tukapiga. Tukamaliza, mheshimiwa akasimama na machozi karibu: "Ndugu zangu, huu ndio utamaduni wetu halisi. Ngoma hizi za mababu zetu, tuzienzi." Ndoo! Yule mama lishe aliisubiri pale pembeni akaoshee sahani.

Sasa huyo Masatu ndiyo nataka mumjue.

Ni mtoto wa kijijini kwetu, huku kwenye rasi, kwa ng'ambo unaona kisiwa cha Rukuba. Mama yake, Nyakwesi, ni mwenzangu wa umri. Baba yake alienda ziwani hakurudi, na Nyakwesi akamlea kwa kuanika dagaa pale Majabalini. Majabalini ni yale mawe mapana ya ufukweni, makubwa kama uwanja, mteremko mdogo, jua linapiga toka asubuhi. Dagaa ukimwaga pale kabla ya saa nne, jioni anavunjika mkononi. Ukimwaga mchangani anakuwa na mchanga, mteja anatema. Wanawake wa kijiji kizima wanaishi kwa yale mawe. Kila mmoja ana pake, na pake hapana mpaka wa kuchora, tunajua tu.

Masatu alikuwa na koo. Hilo siwezi kumnyima. Alikuwa mwimbishaji wetu, na tulikuwa na wimbo mmoja ambao kutoka Majita mpaka Bunda hakuna mtoto asiyeujua. Ni wimbo wa kwenda shamba. Masatu anainua mabega, anavuta hewa, anaita: "Twendeee?" Uwanja mzima unajibu: "Twende!" Anaita tena: "Twendeee?" "Twende!" Halafu mimi natokea pembeni, mlevi, kofia imekaa upande: "Niendeje na pombe bado ipo?" Watu wanaanguka. Kazi yangu katika ule wimbo ilikuwa kukataa, ndiyo maana sijawahi kujibu Twende maisha yangu yote.

Tukafanya kosa ambalo na nyie mnaenda kufanya. Tukasema, huyu mwenzetu ana sauti, awe diwani, atatusemea. Alipanda kwenye lori akaomba kura. Aliomba kura au kula sijui, kwetu huku zinatokaga mdomoni sawasawa. Hakutaja shule wala zahanati. Aliita Twende, tukajibu, tukampa. Nyakwesi alilia kwa furaha mpaka kitambaa kikakamuliwa.

Wiki ile ile akabadilika pumzi. Mimi nilisikia kabla ya wote. Zamani alikuwa anavuta hewa tumboni, kama mtu anayeenda kubeba gunia. Sasa anavuta puani. "Mama zangu, mimi sasa ni kiongozi, siwezi kuimba msibani, ni suala la protokali." Akanunua koti la kijivu, analivaa na jua la mchana, jasho linamtiririka kama mtungi mbovu. Ukimsalimia anakupa vidole viwili tu, vingine amewawekea wakubwa.

Akaja mwekezaji. Anataka Majabalini ajenge sehemu ya watu kupumzika. Watu gani hao wamechoka hivyo, hatukuambiwa. Mkutano wa kijiji ukaitwa, mwenyekiti akamkaribisha diwani aeleze. Nyie, nilimuona anavyosimama nikajua. Aliinua mabega. Ile ya zamani, ya tumboni, aliitoa alikoificha.

"Mama zanguu! Mnataka maendeleo?"

"Tunatakaa!"

"Taa barabarani mnataka?"

"Tunatakaa!"

"Sasa yale mawe ya kuanikia dagaa tumkabidhi mgeni wetu, tusonge mbele. Twendeee?"

"Twende!"

"Twendeee?"

"Twende!"

Na vigelegele juu. Anayepiga kigelegele ni nani? Mama Sofia, jirani yangu, mjane, watoto watano, hana shamba, hana mbuzi, ana lile jabali tu! Mtendaji anaandika, kalamu inakimbia: wananchi wamekubali kwa kauli moja. Mama Sofia ananigeukia anacheka, "Bibi, leo mbona hujatoka na mlevi wako?"

Nikamwambia, "Mlevi ni wewe. Umetoa jabali lako."

"Jabali gani?"

"Unaloanikia."

Akasema, "Mimi nilikuwa naimba!"

Wote walikuwa wanaimba. Ndiyo hivyo. Mdomo ulizoea, ukajibu, akili ikafika baadaye inahema. Nyakwesi, mama yake diwani, na yeye alijibu Twende kwa sauti kuliko wote. Jioni alikuja kwangu na kiti chake mwenyewe akakaa. Halafu akasema, "Mimi nimemnyonyesha, sasa ananikamua."

Bahati ni kwamba ilikuwa lazima afisa ardhi aje kutoka wilayani, awasikie wananchi kwa masikio yake, ndiyo ipite. Tulikuwa na mkutano mmoja uliobaki. Akina mama wakajaa jikoni kwangu wanachemka. Mama Sofia anapiga kifua: "Safari hii nitamjibu hapana! Hapana mbele ya serikali!"

Nikamuuliza, "Una uhakika?"

"Wallahi," na yeye ni Msabato, hiyo wallahi sijui aliitoa wapi.

Nikasimama. Nikavuta pumzi ya Masatu, mabega juu, nikatoa sauti yake: "Twendeee?"

"Twende!" Jiko zima. Mama Sofia wa kwanza.

Tulicheka mpaka chai ikafurika ikazima moto. Lakini kicheko kilivyoisha tukaangaliana, na hakikuwa kitu cha kuchekesha. Tukajaribu tena, wakaminya midomo. Nyakwesi akaitikia kwa pua. Tukajaribu kuangalia chini, miguu ikaanza kutingishika yenyewe, na mguu ukishatingishika Mzee Chacha alishasema. Wimbo ule tuliupika sisi wenyewe kwa miaka, ulikuwa umeiva mno.

Mmoja akasema tuseme kwa afisa kabla ya mkutano. Tutasemea wapi? Diwani ndiye atampokea, ndiye atamkalisha, ndiye ana maiki. Mwingine akasema tusiende. Tusipoenda, wataenda waume zetu, na wale wanaitikia hata injini ya mtumbwi.

Nikaangalia ungo wa dagaa pale pembeni. Nikawaambia, "Mtu anayetafuna hawezi kuitikia."

Siku ya mkutano kila mwanamke alikuja na fundo kwenye kona ya kanga. Tukakaa mbele kabisa, kwa heshima, kama watu wa kwaya. Afisa ardhi alikuwa kijana mnyonge, viatu vimeingia vumbi, anaongea kama ana deni la maneno: "E-e, kwa maana ya, nimekuja tu kuthibitisha, kwa maana ya ushirikishwaji, e-e." Diwani akamnyang'anya maiki mkononi kabla hajamaliza. Nikakohoa. Hiyo ndiyo ilikuwa ishara. Kanga zikafunguliwa, dagaa wakavu wakaingia midomoni, mkono mzima.

"Mama zanguu! Mnataka maendeleo?"

Kra, kra, kra.

Akatabasamu. Alifikiri maiki ni mbovu. Akaipiga kidole, puh, puh. "Mama zanguu! Mnanisikia?"

Tukatikisa vichwa, ndiyo, tunakusikia. Kra, kra. Dagaa mkavu wa Majabalini ana sauti, nawaambia, wa mchangani asingelia vile.

Akainua mabega. Akavuta hewa yote ya kata. "Twendeeeee?"

Niliona miguu ya Mama Sofia inaanza. Nikamkanyaga. Macho yakamtoka, mashavu yamejaa, machozi, chumvi, akaendelea kutafuna. Kwa wanaume nyuma ikatoka "Twe—" moja nyembamba, mke wa huyo akageuka, ikarudi ilikotoka.

Mnajua kitu kibaya kuliko kuzomewa? Mkizomewa mna kitu cha kushindana nacho. Masatu alibaki na Twende yake hewani, haina pa kutua. Akaita mara ya pili, sauti ikapasuka katikati kama ile ngozi. Akamtafuta mama yake kwa macho. Nyakwesi alikuwa mstari wa mbele, kanga yake ya kanisani.

"Mama? Hata wewe?"

Nyakwesi akafungua mdomo, akamuonyesha. Umejaa dagaa.

Masatu akaanza kuongea. Jamani. Mtu ambaye sijawahi kumsikia akikosa neno, alitafuta maneno kama mtu anayetafuta kiatu gizani. "Yaani mimi nilikuwa... suala lenyewe ni kwamba... huyu mgeni amesema taa..." Bila itikio hakuwa na hoja hata moja. Miaka yote ile ndani ya koti hamkuwa na kitu. Ni sisi tulikuwa tunalijaza.

Yule afisa mnyonge ndiye akauliza, bila maiki, kwa sauti ya mtu wa kawaida: "Mama, ninyi mnasemaje?" Mama Sofia akameza, akaomba maji, akanywa, tukamsubiri. Halafu akasema lile jabali linalisha nani na nani, akawataja kwa majina, polepole, hakuna aliyepiga kigelegele. Afisa akasema wanaokubali kuyatoa mawe wanyooshe mikono. Ikanyooka ya mwenyekiti, ikajiangalia iko peke yake, ikaenda kukuna kichwa.

Sasa nyie mnasubiri niwaambie Masatu alijiuzulu, akatubu. Hamjui viongozi. Uchaguzi uliofuata alirudi na lori lile lile, akashinda tena, na kwenye ushindi wake mlicheza nyie. Mnanipigia makofi mimi hapa, kesho mtu akiwaitia Twende mtajibu kabla hamjauliza wapi. Kwa hiyo wewe uliyenyoa, sina neno na koo lako, ni zuri. Mimi nitakuja kwenye mkutano wako. Nitakuangalia pumzi, na nitakuwa natafuna.

Ila nimalizie ya siku ile, maana haikuishia pale.

Wakati bado watu wanatawanyika, afisa anapanda pikipiki, wingu likatoka upande wa Rukuba, jeusi, na upepo wake. Dagaa wote wa kijiji walikuwa wamemwagwa Majabalini toka asubuhi, maana tulisema hata tukinyang'anywa, leo tunaanika. Tukakimbia. Wazee kwa vijana, na magunia, na karai, na fagio. Mvua ya ziwa haikupigii hodi, na dagaa akilowa mara ya pili ananuka, humpi hata kuku.

Tunafagia, tunajaza, tunabeba, nageuka namuona diwani amesimama juu ya jabali la mama yake. Koti la kijivu linapepea. Sijui alikuja kufanya nini, na yeye nafikiri hakujua. Matone ya kwanza yakaanza, makubwa. Akaangalia wanawake wote wale wameinama, mkono wake ukafika kiunoni, mabega yakapanda. Nawaapia. Akavuta hewa.

"Mama zangu—"

Nyakwesi hakuinua hata kichwa. Akamtupia gunia likampiga kifuani.

"Nyamaza," akasema. "Anua dagaa."